Poda ya Mama

Kila asubuhi mjini Ciénaga, shangazi Eduvigis aliingia kwa mlango wa jikoni, akakaanga mikate ya mahindi, kisha akamchana Yuleidis nywele huku akimtania, "Kichwa hiki kina mafundo mengi kuliko wavu." Tangu mama yake Yuleidis afariki mwaka uliopita, shangazi ndiye aliyeishika nyumba ya kaka yake. Baba, Ubaldo, fundi wa majokofu, alikula, akambusu bintiye utosini, akaenda kazini.

Mwezi wa nane, mwalimu wa sayansi aliwaagiza wanafunzi watengeneze filamu fupi ya simu kuhusu anga, kwa kutumia vitu vya nyumbani tu. Yuleidis alitaka kuonyesha jinsi nyota inavyozaliwa ndani ya vumbi. Rafiki yake Marelvis alikuja kumsaidia. Walitundika sketi nyeusi ukutani, wakafunga madirisha, wakaiweka tochi ubavuni ili imulike kutoka upande mmoja. Matone ya maziwa katika mtungi wa maji yalifanya mawingu ya kupendeza. Kilichowashinda ni vumbi. Chumvi ilianguka kama mvua ya mawe, na unga wa mahindi ukashuka kwa mabonge.

"Hii si nyota, ni uji!" alisema Marelvis. Walicheka mpaka wakakaa chini.

Marelvis alipoondoka, Yuleidis alikumbuka poda ya mama. Kopo lilikuwa katika kabati la baba, nyuma ya mashati, na poda ilibaki kama robo hivi. Alijua kwamba mara nyingine baba hulifungua, akanusa, akalifunga tena.

"Nitachukua kidogo tu," alijiambia.

Aliipuliza kwa mrija. Lo! Poda ilining'inia katika mwanga, chembe maelfu zikizunguka polepole. Lakini mara ya kwanza picha ilitoka na ukungu. Mara ya pili alikohoa, na ya tatu mkono ukatetemeka. Mara ya nne ilitoka vizuri kabisa. Aliposhusha simu, kopo lilikuwa tupu. Chumba kizima kilinukia kama mama yake ametoka kuoga sasa hivi. Yuleidis alifungua dirisha kwa hofu, upepo ukaingia, na harufu ile ikaenda zake. Alirudisha kopo mahali pake.

Baada ya siku tatu, shangazi akiwa anapika, baba alitokea jikoni akiwa amelishika kopo tupu.

"Nani amegusa kabati langu?"

"Shangazi alisafisha huko juzi," alisema Yuleidis. "Labda ameimwaga."

"Mimi?" Eduvigis aligeuka, kijiko mkononi. "Ubaldo, sijaligusa kopo hilo."

"Basi limejimwaga lenyewe?"

"Mwaka mzima napika humu, leo unaniita mwongo mbele ya mtoto?" Alifungua aproni, akaiweka kitini, akatoka. Hakurudi.

Juma lile baba aliunguza mikate kila asubuhi. Yuleidis alijichana mwenyewe, vibaya. Shuleni, filamu yake ilipoonyeshwa, darasa zima lilipiga makofi.

"Vumbi zuri hivi umelitoa wapi?" aliuliza mwalimu.

"Ni unga, mwalimu."

Marelvis alimgeukia. "Ule ule wa uji?" alinong'ona.

Kengele ilipolia, Yuleidis alikimbia bila kumngoja.

Alimkuta baba nyumbani akitengeneza feni. Alisimama mbele yake, akasema yote: poda, mrija, na uongo juu ya shangazi. Baba aliweka bisibisi chini.

"Juma zima nikimwona dada yangu njiani, navuka barabara," alisema taratibu. Akajifunika uso kwa viganja vyenye grisi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Yuleidis alimsikia akilia.

Walikwenda pamoja kwa shangazi. Alikuwa akifua uani. Yuleidis aliomba radhi, sauti ikikatikakatika, na baba akaomba baada yake.

Eduvigis alifuta povu mikononi. "Mtoto huyu alikuwa na hofu," alimwambia kaka yake. "Wewe ulikuwa na nini?"

Baba aliinamisha kichwa.

"Kesho nitakuja," alisema shangazi hatimaye. "Leo bado moyo unaniuma. Niacheni nimalize kufua." Lakini alimvuta Yuleidis, akamkumbatia kwa mikono iliyolowa.

Njiani kurudi, baba alipunguza mwendo.

"Poda ile ingekwisha tu siku moja," alisema. "Ungeniambia siku ile ile, tungelia pamoja, mimi na wewe. Lakini uliponidanganya, ulinifanya nimuumize mtu ambaye hakutukosea lolote. Ukikosea, mwanangu, njoo uniambie mapema, hata kama unatetemeka."

"Ndiyo, baba." Yuleidis aliushika mkono wake. "Na mwalimu pia nilimdanganya. Kesho nitamwambia."

"Utamwambia," alisema baba, "na mimi nitasimama pale mlangoni pa darasa."