Chokoleti ya Naivasha Ilinionyesha Mume wa Mtu

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Elburgon. Naishi Nakuru, ambako nafundisha katika chuo kidogo cha ufundi. Nilisomea falsafa chuo kikuu. Watu huniuliza falsafa ni ya kazi gani, nami huwauliza wanauliza kwa nini. Ndivyo nilivyo!

Tangu utotoni mimi ni mtu wa maswali. Katekista wetu alinitoa nje ya darasa kwa kumuuliza ni nani aliyeshuhudia dunia ikiumbwa ikiwa hapakuwa na mtu. Mchumba wangu wa kwanza aliniacha akisema kukaa nami ni kama kusimamishwa na polisi wa trafiki kila siku. Sasa nilipokutana na Denis, mwanamume aliyeyapenda maswali yangu, ningefanya nini? Nilimpenda hadi nikajishangaa.

Denis alikuwa anauza dawa za mimea. Alizunguka kwenye mashamba ya maua kule Naivasha na mashamba ya viazi huku kwetu juu. Mara nyingi hakulala Nakuru. Nilimuuliza analala wapi, analala na nani, na kwa nini simu ilikuwa imezimwa. Alijibu yote bila hasira na bila kigugumizi. "Uliza tu, mpenzi," alikuwa akisema. "Usibaki na kitu moyoni."

Marafiki zangu walinionea wivu. Hata mimi nilijionea wivu!

Ikapangwa siku ya wazee wa kwao kuja Elburgon kuniposa. Ilikuwa Jumamosi. Wiki moja kabla ya siku hiyo, niliamua kumfanyia Denis jambo la kumfurahisha. Nilikuwa nimeona tangazo la mama mmoja karibu na Ziwa Naivasha anayefundisha wageni kutengeneza chokoleti kwa mikono yao wenyewe, kuanzia punje ya kakao hadi kipande cha kula. Nikatuwekea nafasi. Denis nilimwambia tu kwamba tunatoka kidogo.

Tulipofika Kikopey, pale penye nyama choma, nikamweleza tunakoenda. Akakunja uso…

"Chokoleti? Kwani mimi ni mtoto?" akasema. "Tushuke hapa tule mbuzi, turudi nyumbani."

Nikakataa. Akaniambia hajawahi hata kuona kakao, akaniuliza kama huchimbwa ardhini kama viazi. Nilicheka sana. Leo nikikumbuka kicheko kile natamani kujizaba kofi.

Langoni tulipokelewa na msichana mchangamfu aitwaye Chebet. Alituambia ameajiriwa hapo juzijuzi tu na ndiye angetufundisha. Denis akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama mwenyewe yupo. Chebet akasema madam na mtoto wake wamevuka mpaka kwenda Uganda kununua kakao. Uso wa Denis ukafunguka! Akanishika mkono tukaingia. Nikadhani amekubali zawadi yangu. Sikujua kwamba alikuwa amepima mambo upesi: kurudi nyuma kungeleta maswali, na maswali yangu aliyajua vizuri.

Kazi ilikuwa tamu. Tulikaanga punje jikoni nyuma ya nyumba, tukazimenya zikiwa bado na moto, tukapepeta maganda kwa ungo. Nilimchosha Chebet kwa maswali. Mbona inanuka kama siki? Mbona ni chungu hivi? Akatueleza kwamba chokoleti ikishayeyushwa lazima ipoe hadi kiasi fulani, ndipo imiminwe. Ikikosewa hapo, leo itang'aa vizuri, lakini baada ya siku chache itatoka weupe juu kama ukungu.

Chebet akageuka kutafuta kipimajoto kwenye droo. Hapo ndipo nilipoona…

Denis alichovya ncha ya kidole cha mwisho kwenye bakuli. Akagusa mdomo wake wa chini. Akafumba macho, akatulia kama anayesikiliza kitu.

"Bado," akasema. "Koroga kidogo tena."

Chebet akaja na kipimajoto, akapima. Kweli ilikuwa bado kidogo tu! Akamkodolea macho. "Haki, boss! Hiyo ya mdomo umetoa wapi? Wageni hatuwafundishi hiyo, watatujazia mate. Hiyo ni ya madam peke yake."

"Mtandaoni, siz," Denis akacheka. "Siku hizi kuna siri gani tena?"

Wasomaji wenzangu, mimi niliyemuuliza katekista ushahidi wa kuumbwa kwa dunia, nilimeza jibu lile! Njiani nilijaribu kumuuliza. Kama hajawahi kuona kakao, alitazama video ya chokoleti lini? Akasema mpwa wake alikuwa akizitazama, na yeye alitupia jicho tu. Jibu lilikuwa tayari, limekaa vizuri, kama yote yaliyotangulia.

Nilimpigia mama. Akanijia juu. "Wambui, wacha hayo maswali! Mwanamume atakuchoka kabla hajaleta hata mbuzi mmoja. Sasa kula chokoleti pia ni kosa?"

Nikaamua kunyamaza. Nilitaka, kwa mara ya kwanza maishani, kuwa mwanamke anayeamini.

Lakini kidole kile kilinikosesha amani. Video inaweza kukuonyesha jambo, sawa. Je, inaweza kuupa mdomo wako mazoea? Leso yangu ilikuwa imebaki kule jikoni. Niliisahau au niliiacha makusudi? Hadi leo sijui. Alhamisi nikaenda kuichukua.

Nilimkuta madam mwenyewe amerudi. Alikuwa mama wa makamo kidogo, mpole, aproni imejaa madoa ya kahawia. Alinikaribisha jikoni huku akiendelea na kazi. Akachovya kidole cha mwisho… akagusa mdomo wa chini… akafumba macho… akatulia vile vile!

Nikamuuliza kama ameshamfundisha mtu mwingine ujuzi huo.

"Bwana yangu tu," akasema akicheka. "Huyo ni wa kuonjaonja tangu tuoane. Lakini simwoni sana, anazunguka na dawa zake za mimea. Wikendi hii ameniambia ana kazi huko Elburgon."

Sikuuliza jina. Ndiyo, mimi! Swali moja dogo lilinishinda. Lakini msichana mdogo alipita na baiskeli yake akimwuliza mama yake kama baba ataleta zawadi, mama yake akasema Denis hajawahi kusahau, na swali langu likajibiwa bila kuulizwa. Nilichukua leso yangu, nikashukuru, nikaondoka. Sikumwambia yule mama neno. Nilimwangalia akikoroga bakuli lake kwa utulivu ule, nikashindwa kumvurugia.

Nilipofika Nakuru nilimpigia Denis. Nilitaka kumpa nafasi. Nikamuuliza kama kuna jambo lolote hajaniambia.

"Lipi tena, mpenzi?" akajibu. "Si umeshauliza yote?"

Ijumaa nilimweleza mama kila kitu. Alikaa kwenye kiti cha jikoni akalia. Kisha akapangusa machozi, akaniambia hema limeshasimamishwa, shangazi wamefika, na baba amewaalika wazee wote wa kanisa. Akaniomba nimalize siku hiyo kwanza, mengine yatazungumzwa baadaye. Mama yangu mzazi!

Kwetu kuna desturi. Wazee wa mwanamume wakishaleta kinywaji, baba wa msichana hakionji kabla ya kumwita binti yake mbele ya watu wote na kumuuliza kama wakinywe. Zamani ilikuwa pombe. Sisi ni watu wa kanisa, kwa hivyo ni soda, lakini swali ni lile lile. Akisema ndiyo, ameposwa. Wengi huliona kama mchezo tu, watu wapate kupiga vigelegele.

Jumamosi baba alisimama na chupa yake ya soda, koti lake la ibada limepigwa pasi. Alikuwa anatabasamu. "Wambui, mwanangu, hawa wageni wametuletea kinywaji. Tunywe?"

Shangazi zangu walikuwa wameshavuta pumzi ya vigelegele. Denis alinikonyeza. Mama aliinamisha kichwa.

"Msinywe, baba," nikasema. "Huyu ana mke na mtoto Naivasha."

Baba akaitazama chupa kama imegeuka nyoka mkononi mwake. Denis akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na jibu ndani yake.

Aliyejibu ni mjomba wake, mzee mwenye fimbo. Alionekana kushangaa kwelikweli. "Lakini mama, hilo sote tunalijua. Tulimuuliza Denis kama msichana anajua kuna mke. Akatuambia huyu ni msomi, hakuna kitu hajauliza. Ameuliza yote na amekubali."

Wasomaji, neno hilo ndilo lililonivunja kuliko mke, kuliko mtoto! Maswali yangu, kitu nilichojivunia maisha yangu yote, ndiyo aliyoyafanya blanketi la kujifunika. Nani angeshuku kwamba mwanamke kama mimi hajui?

Baba aliweka chupa mezani taratibu, bila kuifungua. Akawashukuru wageni kwa safari, akaingia ndani. Hakutoka hadi hema liliposhushwa.

Yule mama wa Naivasha nilimpigia Jumatatu. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema tu, "Ungeniambia siku ile ukiwa jikoni kwangu," akakata simu. Ana haki. Mama yangu naye anazungumza nami sasa, lakini hazungumzii ndoa. Vile vipande tulivyotengeneza mimi na Denis, nilivyompelekea ile Ijumaa, bado viko kabatini kwake, vimetoka weupe. Hataki kuvila, hataki kuvitupa.

Dada zangu, nawaomba, msifanye nilivyofanya. Nilikusanya majibu nikayaita ukweli. Mtu anayejibu kila kitu upesi hajakuambia kila kitu. Mtazame akiwa amesahau kwamba unamtazama. Tazama mikono yake inajua nini ambacho kinywa chake kinakana. Na ukishaona, usiogope hema, usiogope shangazi, usingoje Jumamosi.

Mimi nilingoja… na baba yangu ndiye aliyebaki amesimama mbele ya kanisa lake lote, na chupa mkononi.