Sauti Kwenye Mkonga wa Simu

Haya yalimpata Kuluthumu, rafiki yangu wa Palma, na kila akinisimulia hunong'ona. Alikuwa amenunua adapta ya kuunganisha simu ya mezani na intaneti, ili azungumze kwa bei ndogo na mdogo wake Siwema, aliyeolewa Mtwara. Alasiri moja ya mvua kubwa, mumewe akiwa kazini Afungi, Kuluthumu alifunga madirisha ya mbao, akampigia Siwema.

“Dada, nani anakohoa hapo nyuma yako?” Siwema aliuliza.

“Hakuna mtu, mdogo wangu. Niko peke yangu.”

“Mbona namsikia? Yuko karibu yako kabisa.”

Kuluthumu aliulaza mkonga mezani, akapita chumba kwa chumba. Hakukuta mtu. Akiwa jikoni umeme ukakatika, nyumba ikawa giza tupu. Alirudi akipapasa ukuta. Taa ya adapta ilikuwa imezimika, akajua simu nayo imekatika. Lakini alimsikia Siwema akicheka mkongani. Akauweka sikioni, midomo ameifumba kwa woga.

Ndani ya simu, sauti yake yeye Kuluthumu ilikuwa ikimjibu Siwema taratibu: “Nimetazama vyumba vyote, mdogo wangu. Hakuna mtu.”