Mlango wa Mwanamvua

Nina miaka arobaini na mmoja. Ni mkulima wa karoti na kabichi huko Mgeta, na ni mtunzi wa hadithi za kisayansi. Mnacheka? Hata kijijini walicheka! Lakini leo siwaletei kichekesho, ndugu wasomaji... nawaletea aibu yangu.

Dada yangu Tekla aliishia darasa la tatu. Kuandika kulimshinda, ila kichwa chake, jamani! Tukipalilia karoti alinisimulia mji uliojificha ndani ya mlima, wenye mitambo inayokula ukungu, na msichana Mwanamvua anayeongea na mitambo hiyo. Tukipumzika, mimi naandika kwenye daftari. Miaka minne! Yeye aliwaza, mimi niliandika tu.

Kitabu kilipotoka, jalada lilikuwa na jina moja. Langu. Nilimwambia Tekla kwamba mchapishaji ndiye aliyetaka hivyo. Uongo mtupu! Mchapishaji hakuwahi hata kumsikia.

Siku ya uzinduzi Morogoro mjini, Tekla alishuka na lori la mboga, amevaa kitenge kipya, akaketi nyuma. Mwalimu mmoja akaniuliza mji ule niliutoa wapi. Nikajigonga kichwani, nikasema, "Humu humu!" Watu wakapiga makofi. Nilipomtafuta Tekla kwa macho, kiti chake kilikuwa kitupu.

Hakunigombeza. Aliacha tu kunisimulia. Wasomaji wakadai sehemu ya pili, maana kitabu kinaishia Mwanamvua amesimama mbele ya mlango wa chuma... na nyuma ya mlango ule kuna nini, mimi sikujua! Nilijaribu kubuni mwenyewe, nikaishia kuchana kurasa. Nikaenda kumbembeleza. Aliendelea kuchambua maharage yake, akasema, "Kiulize kichwa chako, mdogo wangu."

Mwaka jana akaugua ini. Nilikwenda hospitali kumwomba msamaha. Naapa, nilidhamiria! Lakini kwapani nilikuwa na daftari... Nililibeba la nini? Aliliona kabla sijasema hata pole.

"Umekuja kuniona mimi," akauliza, "au umemfuata Mwanamvua?"

Nikalificha daftari mgongoni. Akageukia ukutani. Kesho yake akafariki.

Baada ya arobaini, bintiye Kostansia, ambaye ni mwalimu kule Mlali, alikuja kuniaga. "Shikamoo, mjomba," akasema kwa adabu zote. Kisha akaniambia kwamba mama yake alimsimulia kilichopo nyuma ya mlango. Moyo ukanilipuka! Nikamsihi aniambie.

"Mama alisema nimsimulie yeyote nimpendaye," akajibu, "isipokuwa wewe, mjomba."

Sikumlaumu. Ningemlaumu kwa lipi?

Wenzangu mnaoandika, mnaotunga, mnaosifiwa kwa kazi yoyote... kama yupo aliyewashika mkono, mtajeni angali anasikia. Msingoje kama mimi. Katika maisha yangu yote ya uandishi, kabla ya kurasa hizi, jina la Tekla nimeliandika kwa mkono wangu mara moja tu, kwa rangi nyeusi, juu ya msalaba wake.