Tairi Linalolia Kwenye Kona

Kwa nini gari la kaka yake halikukata kona?

Kwa miezi saba jasusi Nondo alilala na swali hilo, akaamka nalo. Asubuhi hii lilikuwa limeketi kando yake garini.

Mbele, lori lililosheheni makombora ya magendo lilikimbilia mpakani kwa njia ya mlimani. Kona iliyomuua kaka, akiwafukuza wafanyamagendo hawa hawa, ilikuwa kilomita tatu tu mbele. Taarifa rasmi ilidai alikuwa amelewa. Kaka, ambaye hata dawa ya kikohozi aliinywa kwa kubembelezwa!

Glovu za kaka zilikuwa mikononi mwa Nondo. Zilimpwaya.

Akapinda kona ndogo.

Tairi la ndani likalia.

Akatupa jicho kwenye dashibodi. Taa inayoonyesha kwamba loki ya difu imefungwa haikuwaka.

“Karakana, hapa Nondo. Tairi la ndani linalia.”

“Vumbi tu hilo, mwanangu,” akajibu baba mdogo, fundi mkuu wa idara, aliyewalea yeye na kaka yake. “Kanyaga mafuta, watakuponyoka.”

Vumbi?

Ndiye aliyewafundisha, akichora magurudumu kwa chaki sakafuni. Kwenye kona gurudumu la nje huenda mbali zaidi, hivyo difu, mtambo unaogawia magurudumu nguvu, huliachia lizunguke upesi kuliko la ndani. Loki huyalazimisha yote mawili yazunguke sawasawa. Kwenye tope, ni mkombozi. Kwenye njia ngumu, kwa kasi, gari hugoma kupinda.

“Tairi likilia konani, toa loki kabla haijakutoa roho.” Maneno yake mwenyewe. Kaka alikuwa akiyaigiza, wakacheka wote watatu.

Gari la kaka alilikagua baba mdogo. Na hili pia, alfajiri ya leo.

“Baba mdogo, umeikaza loki isitoke, ukaikata taa yake?”





“Usiifikie ile kona, mwanangu. Nakusihi.”

Nondo hakulia. Chini ya kona kulikuwa na kinamasi; aliyekivuka aliikata njia ile na kuibuka ng’ambo ya kona, mbele ya lori. Akaiacha barabara.

Gari likazama hadi milangoni. Gurudumu moja likakosa pa kushika. La pili, lililofungwa nalo kwa loki, likavuta. Kifo alichoandaliwa kikambeba hadi ng’ambo.

Lori lilipoibuka konani, lilimkuta amelikingamisha gari katikati ya njia, bastola ya Glock mkononi.

Dereva akainua mikono. “Dada, umetokea wapi?”

“Kwenye tope. Shuka.”

Alipokwisha kumfunga pingu, akavua glovu, akashika redio. Idara nzima ilikuwa ikisikiliza.

“Mkuu, mzigo tunao. Fungeni lango la karakana. Baba mdogo wangu ndiye aliyemuua kaka yangu ili kuwalinda wafanyamagendo hawa, na leo alinitegea mimi. Amenilea, na dakika ya mwisho amenionya; hayo nayo nitayasema. Lakini nitasimama mahakamani, na nitatoa ushahidi dhidi yake.”