Mtu wa Kukaa Kando ya Julia

“Hawaongei kabisa?” Isaka aliuliza.

“Kabisa, kaka. Nimekaa pale kwa fundi saa na karai langu la mihogo tangu saa nane mpaka saa kumi. Mchumba wako ana daftari lake, fundi ana saa zake. Hakuna aliyemwambia mwenzake hata ‘nipe maji’.”

“Basi hakuna kitu, dada Pili.”

Pili akamtazama kwa huruma, ile huruma ya mtu mwenye habari za ziada.

“Bora wangekuwa wanacheka, kaka Isaka. Mwanamume na mwanamke wakinyamaza saa mbili nzima, ujue maneno walishayamaliza.”

Isaka alirudi kwenye pikipiki yake roho ikimuuma. Alikuwa mmoja wa vijana waliojipatia riziki tangu watu binafsi waruhusiwe kununua korosho, na alijulikana kuanzia Nanganga hadi Mkunya kwa maneno yake matamu. Pikipiki aliipata kwa mdomo. Simu ya mkononi, ambayo wakati ule Masasi walikuwa nayo wachache, aliipata kwa mdomo. Hata Julia alimpata kwa mdomo. Mtu wa namna hiyo hawezi kuamini kwamba watu wawili wanaweza kukaa kimya bure bure.

Akatoa simu, akaandika: UKO WAPI.

Julia alikuwa na simu aliyonunuliwa na yeye mwenyewe Isaka. Jibu likaja: KWA FUNDI MAHMUDU. NASOMA.

Hata hakuficha! Hilo ndilo lililomchoma zaidi.

Jioni alimfuata Julia mtaa wa Mkomaindo, alikokuwa anaishi kwa shangazi yake, Mama Basil.

“Kwenu hapa hakuna kiti?” Isaka alianza.

“Kipo.”

“Meza je?”

“Ipo. Isaka, sema unachotaka kusema.”

“Kwa nini usomee kibarazani kwa mwanamume?”

Julia alifikiri kidogo. Alikuwa anarudia mtihani wa kidato cha nne, na baba yake kule Newala alishatamka kwamba harusi haifungwi mpaka aufanye mtihani na kufaulu.

“Nikikaa peke yangu akili inanitoroka,” alisema. “Nafungua kitabu, nakumbuka kanga iko kwenye kamba. Naifuata kanga, naona ufagio. Jua linazama sijasoma mstari. Walimu waliniita mvivu, nami nikaamini. Lakini akiwepo mtu karibu yangu anafanya kazi yake, natulia. Sijui kwa nini. Darasa la saba nilifaulu kwa sababu marehemu mama alikuwa anakaa kando yangu anachambua kunde.”

“Kwa hiyo fundi ndiye mama yako.”

“Fundi ni mtu anayefanya kazi yake.”

Isaka akaaga, lakini wivu haukuaga. Usiku ule ule alikata shauri, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, wiki haikuisha. Alikipaka chokaa chumba cha uani kwa Mama Basil. Akaleta meza ya mninga na kiti chenye mto, akaweka kufuli jipya mlangoni.

“Hapa hakuna wa kukusumbua,” alimwambia Julia akimkabidhi ufunguo. “Hata kuku hapiti.”

Julia aliushika ufunguo ule kama mtu aliyepewa dawa chungu. Akasema ahsante, maana alipendwa na alilijua hilo.

Wiki tatu zikapita. Kila Isaka aliporudi kutoka safari zake za Newala alimkuta mchumba wake chumbani, na moyo wake ukatulia. Hakuuliza anasoma nini. Siku moja tu aliingia kuchukua kofia yake, akaona pazia limefumuliwa na kushonwa upya, misumari imepangwa dirishani kwa urefu wake, na ukili umesukwa wa kutosha mkeka mzima. Kitabu kilikuwa wazi. Ukurasa ulikuwa wa kumi na mbili, kama ulivyokuwa siku ile chumba kilipofunguliwa.

Wiki iliyofuata Pili akampigia simu kutoka kibanda cha simu.

“Kaka, amerudi kule.”

Isaka aliendesha pikipiki kutoka Nanganga bila kujua amepita wapi. Alikuwa ameshapanga maneno yote, mengine hayasemeki mbele za watu. Alipofika kibarazani aliwaona kama alivyosimuliwa: Julia ameinamia daftari, Mahmudu ana kioo jichoni. Mahmudu alikuwa amempita umri kwa miaka kumi na mitano, na malezi ni malezi.

“Shikamoo, fundi,” mdomo wa Isaka ukasema.

“Marahaba. Karibu.”

Basi, ugomvi wa mtu aliyekwisha amkia una nguvu gani tena? Hata hivyo alijikaza.

“Fundi, huyu ni mchumba wangu.”

“Najua.”

“Unamfundisha nini?”

“Sijui hata anasoma nini,” Mahmudu alisema akivua kioo. “Ila nitakwambia kweli. Mimi nikiwa peke yangu nafungua saa mbovu tano kwa mpigo, simalizi hata moja. Wateja walianza kunikimbia. Tangu huyu dada akae hapo, namaliza. Mke wangu amemletea uji mara mbili kumshukuru.”

Alidhani anamtuliza. Kumbe amemwaga mafuta ya taa motoni. Isaka alihisi wivu wa aina nyingine sasa, mbaya kuliko ule wa kwanza: hawa wawili walifanana, na yeye alikuwa nje.

“Kwa hiyo mnahitajiana,” alisema.

Julia akafunga daftari.

“Isaka, chumba chako kimenilia wiki tatu. Nimelia mle ndani na mlango nimeufunga mwenyewe ili usinione. Nikishindwa mtihani huu, baba atasema nikae Newala, na mimi nitakaa. Sitaolewa nawe huku moyoni nakudai mtihani huo.”

“Nitakaa mimi.”

“Wapi?”

“Kando yako. Kama ni mtu tu, mimi si mtu?”

Kesho yake alikaa naye katika kile chumba cha uani. Alijitahidi kweli kweli. Dakika ya tano alimuuliza kama kiti kinamuumiza. Dakika ya kumi alimsifu mwandiko. Baadaye akanyamaza, ila macho yalibaki usoni kwake.

“Isaka.”

“Sijasema kitu.”

“Unanitazama. Fundi hanitazami. Wewe unanilinda, na mtu anayelindwa hasomi. Njoo na kazi.”

“Kazi yangu ni kuongea na wakulima.”

“Basi tafuta nyingine, ya mikono.”

Maneno hayo yalimwaibisha kuliko matusi. Alitoka uani akamkuta Mama Basil amekaa na wanawake wawili, wamezunguka beseni la korosho zilizochomwa. Miaka minane alikuwa ananunua korosho kwa magunia, hajabangua hata moja. Kwao wanaume hawabangui.

“Shangazi, nipe na mimi.”

“Upeleke wapi?”

“Nibangue.”

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Basil hakucheka. Alimpa kijiti, jiwe na lundo lake.

“Tazama mikono yako, mwanangu. Ukitazama pembeni, mafuta ya ganda yanakuchubua.”

Alikaa kando ya Julia. Korosho ya tatu aliinua macho kumtazama, akajigonga kidole, na mafuta meusi yakamuunguza dole gumba. Ya saba vivyo hivyo. Mpaka Alhamisi vidole vilikuwa vyeusi, vimebambuka, na Pili alikuwa ameshaitangaza habari soko zima kwamba mnunuzi wa korosho amegeuka mama. Isaka aliacha wamcheke, akaanza kugonga ganda polepole, moja baada ya jingine.

Jioni moja alisikia kiti kikisogea.

“Nimemaliza karatasi nzima ya hesabu,” Julia alisema. “Maswali yote.”

Isaka akashtuka. Tangu aketi alasiri ile hakuwa amemtazama hata mara moja, na hakuna aliyemwibia mchumba.

Julia akamshika mkono, akavipulizia vidole.

“Wiki ijayo una safari ya Newala,” alisema. “Siku tatu.”

“Ndiyo.”

“Siku hizo nitakwenda kwa fundi.”

Wivu ukampanda Isaka kifuani, ule ule, haujapungua hata kidogo. Alitazama beseni. Alimtazama Julia.

“Nenda,” alisema.

“Umesema kwa moyo?”

“Hapana. Lakini nenda.”