Traki ya Sita Imepotea

Jumamosi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, Ekai alifungua kompyuta katika studio yake ya mabati mjini Lodwar akakuta traki saba za wimbo wa bendi. Jana aliacha nane. Ya sita, sauti ya Lokaale, mwimbaji wa pili, ilikuwa imefutwa kabisa.

Hilo lilikuwa balaa. Kila sauti ya wimbo hutengwa kwenye faili yake, zote zianze sekunde ile ile na zilingane urefu, ndipo zipelekwe kwa Nyuon, fundi wa Kakuma anayeunyoosha wimbo mara ya mwisho. Nyuon alisema mwisho saa kumi jioni. Kesho redio ingecheza wimbo wa kwanza wa studio hiyo. Ukikosekana, nafasi inakwenda kwa wengine.

Ekai akampigia dada yake Akoru, koplo wa polisi aliyekuwa likizoni.

"Mlango umevunjwa?" Akoru aliuliza.

"Hapana. Ufunguo unakaa chini ya jiwe. Bendi yote inajua."

"Na kufuta?"

"Kufuta, kukata, nimewafundisha mwenyewe."

"Mwalimu bora."

Akoru alifika studio, akaanza na Cheruiyot, mpiga gitaa kutoka Eldoret.

"Jana ulisema Lokaale anafunika gitaa lako."

"Anafunika! Anaimba kama anaita mbuzi walio ng'ambo ya mto. Lakini afande, mimi nilitaka apunguzwe tu."

Helen, mwimbaji mkuu, alikasirika. "Nimeambia kanisa zima wasikilize kesho. Nifute ili iweje?"

Lokaale alijibu akiangalia viatu vyake. "Jana nilikuwa Kataboi kupeleka mahari. Nimerudi leo alfajiri."

"Hongera, bwana harusi."

Akoru akasikiliza traki zilizobaki, moja moja. Makofi yalinyamaza ghafla mara tatu, sekunde moja moja. Faili ya makofi ilikuwa imebadilishwa saa moja na dakika ishirini asubuhi hiyo. Helen akatoa simu yake bila kuombwa. Alikuwa na nakala ya majaribio, sauti zote zimechanganywa pamoja. Walipolinganisha, sehemu zile tatu zilikuwa na sauti ya Lokaale, bila shaka iliyovuja hata kwenye maiki ya makofi, ikitaja neno moja: Lokwang.

"Cheruiyot, Lokwang ni nini?"

"Si ni kiitikio?"

Wote walicheka, isipokuwa Lokaale.

"Huyu hajui Kiturkana, asingejua pa kukata," alisema Akoru. "Helen ametoa nakala mwenyewe. Aliyefuta hakuchukia sauti, alichukia jina. Lokaale, maksai wako Lokwang yuko zizi gani leo?"

"La baba mkwe," alisema Lokaale polepole. "Ndiye aliyekamilisha mahari. Kwetu mwanaume anamwimba maksai wake mwenyewe. Nikimwimba maksai wa mtu redioni, wakwe watasema nimempa kwa mkono, namvuta kwa mdomo."

"Ungesema, mjinga wewe!" alifoka Ekai.

"Niliona haya."

Akoru hakutoa pingu, alitoa simu. Mzee wa Kataboi, baba mkwe mwenyewe, alicheka mpaka akakohoa. "Maksai wangu asiimbwe? Mimi nilipokea ng'ombe pamoja na wimbo wake! Imba, ila useme analala kwangu."

Walirekodi upya sauti na makofi. Saa tisa Ekai alikuwa Kakuma. Nyuon alipanga traki nane, akakagua mwanzo wa kila moja, akabonyeza. Jina liliposikika, alivua hedifoni.

"Huyo ni ng'ombe?"

"Maksai mweupe."

"Kwetu Sudan Kusini, sisi Wanuer pia tunawaimba." Nyuon akasimama, akainua mikono juu kama pembe, akacheza katikati ya nyaya.

Wimbo ulipokwisha alifuta jasho. "Haya, tufanye kazi."

"Ngoja," alisema Ekai, naye akiinua mikono kama pembe. "Rudisha mwanzo kwanza."