Mkono wa Fundi Mkuu

Kuna watu wakishajua kuwasha taa huona wameliumba jua. Shemeji wa jirani yangu ni mmoja wao. Katika kituo cha redio anakofanya kazi walimwita Mtaalamu kwa kejeli, naye akalipokea jina hilo kama cheo.

Siku hiyo ilianza kama siku yoyote. Chai ilikuwa mezani, feni ikinung'unika, Mtaalamu ameketi mbele ya kompyuta yake ya Windows akiwadharau watu mmoja mmoja. Aliyemdharau kuliko wote alikuwa marehemu, fundi mkuu wa zamani, aliyeacha kompyuta moja ya Linux katika studio ya zamani, ng'ambo ya mji. Humo mlikuwa na kila sauti aliyorekodi maishani mwake. Mtaalamu aliiita jeneza lenye feni.

Binti wa marehemu alikuwa mtangazaji hapohapo kituoni. Alimjia kwa adabu, akamwomba anakili rekodi za baba yake kabla ya kuifuta mashine ile kama alivyopanga. Mtaalamu hakuinua hata macho. Alimwambia sauti za wafu hazileti matangazo ya biashara, tena baba yake alikuwa fundi wa nyaya aliyejikweza tu. Binti akarudi kwenye studio yake ya matangazo.

Mtaalamu hakuona haja ya kuvuka mji kwa ajili ya takataka. Alifungua programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali, akaandika anwani ya ile Linux na nywila yake. Dirisha likafunguka. Kioo cha mashine ya marehemu kikawa ndani ya kioo chake, na kipanya chake kikatawala huko kama kilivyotawala hapa.

Akachagua mafaili yote. Akabonyeza futa.

Mshale ukarudi nyuma.

Akajaribu tena. Mshale ukatoka taratibu, ukaenda kubonyeza "ghairi". Mtaalamu akacheka kwa pua, akampigia mlinzi wa studio ya zamani na kumtukana kwa kuchezea vitu asivyovijua. Mlinzi alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkubwa, hiyo mashine niliichomoa juzi, wapaka rangi walipokuja," alisema. "Waya wake ninao hapa mkononi."

Mtaalamu akamwita mlevi, akakata simu. Lakini alipotazama tena, dirisha jeusi lilikuwa limefunguka lenyewe, na herufi zilikuwa zinajipanga polepole, kama za mtu anayeandika kwa kidole kimoja.

Nani yuko hapo?

Mtu mwenye akili angenyanyuka. Yeye aliandika: Mwenye kazi. Wewe ulishakufa na nyaya zako.

Herufi zikajipanga tena: Naazima mkono.

Akachomoa waya wa mtandao. Dirisha halikufungika. Akabonyeza kitufe cha kuzima. Mashine haikuzimika. Akataka kuuondoa mkono wa kulia kwenye kipanya.

Haukutoka.

Vidole vilikuwa vyake, pete ilikuwa yake. Ila havikumsikiliza. Mkono ulisogea kwa utulivu wa mtu mzima asiye na haraka. Ukafungua folda. Ukachagua rekodi. Ukaanza kuzinakili, moja baada ya nyingine, kwenye kompyuta yake ya Windows. Aliuvuta kwa mkono wa kushoto. Aliung'ata. Damu ilitoka. Maumivu hayakuja.

Binti alirudi kuchukua maikrofoni, akamkuta hivyo: uso umelowa machozi, kiwiliwili kimejivuta nyuma hadi ukutani, na mkono umenyooka mbele unachapa kazi.

"Nishikie," Mtaalamu alinong'ona. "Dada yangu, nishikie huu."

Akaushika. Ulikuwa wa baridi. Akataka kuuachia, lakini kidole gumba kikaanza kumpapasa mgongo wa kiganja, taratibu, mara kwa mara, jinsi mzazi anavyombembeleza mtoto. Binti hakuuachia. Alikuwa amebembelezwa hivyo utoto wake wote.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini. "Inatosha. Zimeshafika."

Mkono ukalegea. Kioo kikazima.

Rekodi zote zilikutwa salama, na mpaka leo binti huzipiga hewani. Mtaalamu bado yupo kazini, na ulimi wake haujapona dharau. Akiulizwa, husema ni hitilafu ya programu, na anayeuliza ni mjinga. Ila sasa husalimia kwa mkono wa kushoto, na watu humwona hana adabu.

Jirani yangu aliuona ule wa kulia. Anasema kwenye kidole gumba kuna kovu la kuunguzwa na chuma cha kulehemu, kovu kuukuu lililopona miaka mingi iliyopita. Shemeji yake hajawahi kulehemu kitu. Na simu yake, aliyokuwa akiifungua kwa kidole hicho, haikitambui tena.

Binti anayo simu ya marehemu baba yake. Imefungwa tangu msiba. Ilikuwa ikifunguliwa kwa kidole gumba cha baba. Hajamwomba Mtaalamu aijaribu.

Lakini siku hizi huja nayo kazini.